Garimoshi limeondoka, njia imebaki: Funzo kutoka korongo la Pine Creek



Mwaka jana daktari aliniambia maneno ambayo wengi wetu wa umri wa miaka 40 na kitu tumeshaambiwa: sukari imepanda, punguza chapati, tembea angalau nusu saa kila siku. Chapati nilipunguza. Kutembea ndiko kulikonishinda. Nikitoka nyumbani kwangu hapa Mombasa, kando ya barabara hakuna pa kukanyaga. Bodaboda inakuja upande wako, matatu inakupigia honi, mtaro uko wazi, na mwenye kibanda amepanga viazi vyake pale pale ambapo ungepita. Juu ya hayo nina goti la kulia lisilopenda vilima.

Basi Oktoba iliyopita nilikwenda kumtembelea mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni muuguzi katika jimbo la Pennsylvania kule Marekani. Nikamweleza shida yangu. Akacheka, akasema, "Mjomba, kesho nakupeleka mahali ambapo goti lako halitalalamika."

Tulikwenda, na kweli halikulalamika. Lakini nimerudi na jambo kubwa kuliko goti, ambalo naona yafaa tulizungumze sisi watu wa Pwani, hasa ndugu zetu wa Voi, Mwatate na Taveta. Reli ikifa, si lazima ardhi yake ife nayo.

Korongo lenyewe

Mahali hapo panaitwa Pine Creek Gorge, kaskazini mwa Pennsylvania, karibu na mji mdogo wa Wellsboro. Wenyeji hujisifu kwa kupaita Grand Canyon ya Pennsylvania, lakini usifikirie ile picha ya jangwa la mawe mekundu. Hili ni korongo lililovikwa miti kutoka ukingoni hadi majini. Lina urefu wa kama kilomita 76, na penye kina kirefu zaidi, kutoka juu hadi chini ni zaidi ya mita 400.

Chini unapita mto wanaouita creek. Sisi tukisikia jina hilo tunafikiria Mtwapa au Tudor, maji ya chumvi yanayoingia bara na kutoka kwa kujaa na kupwa. Kwao creek ni kijito cha maji baridi, ingawa huu wa Pine kwa macho yangu ni mto kamili.

Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba zamani sana mto huu ulielekea kaskazini mashariki. Ikaja barafu kubwa ya zama za barafu, na ilipokuwa ikiyeyuka ikaacha lundo la mawe na udongo lililoziba njia ya maji. Maji yakajaa, yakafurikia upande wa kusini, yakachimba korongo hili. Mto uligeuzwa ukaelekea ulikotoka. Mwaka 1968 serikali ya Marekani iliandikisha korongo hili miongoni mwa alama za kitaifa za maumbile.

Kwa nini goti halikuuma

Ndani ya korongo hilo, ubavuni mwa mto, kuna njia ya takriban kilomita 100 kutoka eneo la Wellsboro hadi mji uitwao Jersey Shore, ambao licha ya jina lake hauna bahari. Inaitwa Pine Creek Rail Trail. Zamani ilikuwa reli. Vyuma vimeng'olewa, mataruma yametolewa, na juu ya tuta wamemwaga changarawe laini ya mawe ya chokaa na kuishindilia. Wanapita waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, na sehemu fulani farasi pia huruhusiwa. Magari na pikipiki haziruhusiwi.

Kilichonishangaza ni jinsi ilivyo tambarare. Pande zote mbili milima imesimama kama ukuta, lakini chini ya miguu yako huhisi kupanda wala kushuka. Hapo nikamkumbuka marehemu baba.

Baba alikuwa mtu wa reli pale Voi, katika gengi la kutengeneza njia. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma na nyundo begani, akitafuta chuma kilicholegea. Tulipokuwa watoto tulimuuliza kwa nini reli inapindapinda badala ya kukata moja kwa moja. Akatujibu, "Garimoshi lina nguvu, lakini miguu yake yateleza."

Ndiyo siri yote. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halisuguani sana. Kwa sababu hiyo injini moja huweza kuvuta mabehewa mengi yenye mzigo ambao malori mengi hayawezi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, mahali pakiinuka sana magurudumu huzunguka bure. Kwa hiyo mhandisi wa reli hutafuta mteremko mdogo kabisa. Penye kilima huchimba, penye shimo hujaza tuta, na akipata mto huufuata, maana maji yalishatafuta njia ya kushukia kabla yake. Katika njia ya Pine Creek mteremko hauzidi asilimia 2. Yaani katika kila mita 100 unazokwenda, huinuki wala hushuki zaidi ya mita 2.

Sasa fikiria ni nani anayefaidika na ulaini huo. Tulipishana na mzee anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Tulipishana na mama mwenye mtoto kwenye kigari, na wazee wawili, mume na mke, wakitembea kwa mikongojo huku wakibishana. Juu ukingoni kuna njia nyingine iitwayo Turkey Path, inayoshuka wima hadi mtoni, zaidi ya mita 200 kwa mwendo wa kilomita moja na nusu hivi. Hiyo ni ya vijana wenye magoti mapya. Hii ya reli ni ya kila mtu, na hailipishwi hata senti.

Saa nne msituni

Tulianzia mahali paitwapo Darling Run asubuhi, tukaelekea kusini. Majani ya Oktoba yalikuwa yamegeuka manjano na mekundu, mengine yakishuka juu ya maji. Kila baada ya mwendo mfupi kijito kidogo hushuka kutoka mlimani na kupita chini ya njia. Mpwa wangu alinionyesha tai mwenye kichwa cheupe akiwa juu ya mti mkavu ng'ambo ya mto. Wanasema kuna dubu weusi, na pia fisi maji, ambao walikuwa wametoweka hapo kisha wakarudishwa miaka ya 1980. Kuna nyoka mwenye njuga mkiani, na kituo kimoja cha kuingilia kimepewa jina lake. Mimi sikumwona, na sikumtafuta.

Adhuhuri ilitukuta njiani. Tulitawadha mtoni, maji baridi hata vidole vikafa ganzi. Hapa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, maana Makka iko karibu juu yetu kabisa kwenye ramani. Kule kibla ni kaskazini mashariki, ikabidi simu itusaidie. Mtandao ndani ya korongo hakuna, lakini dira ya simu haihitaji mtandao. Tuliswali kando ya njia. Mwendesha baiskeli mmoja alipotuona alishuka, akaisukuma baiskeli yake polepole hadi alipotupita, kisha akapanda tena. Hakusema neno.

Tuligeuza baada ya kama kilomita sita. Kwenda na kurudi, pamoja na swala na sambusa alizobeba mpwa wangu, ilikuwa saa nne. Goti langu halikusema kitu mpaka kesho yake.

Reli iliyobeba msitu

Wakati wa kurudi tulisimama kwenye ubao wa maelezo, nikasoma jambo lililonitoa raha kidogo. Msitu ule nilioustaajabia si wa kale. Ule wa kale ulikatwa wote.

Karne ya 19 milima ile ilijaa misonobari mirefu na miti ya hemlock. Misonobari iliyonyooka ilifaa kwa milingoti ya merikebu, kitu ambacho sisi watu wa majahazi tunakielewa. Hemlock ilichunwa maganda kwa ajili ya viwanda vya kutengenezea ngozi. Mwanzoni magogo yalielea mtoni hadi viwanda vya mbao vya Williamsport. Kisha mwaka 1883 ikafunguliwa reli ndani ya korongo, iliyobeba mbao, makaa ya mawe na abiria. Reli ndogo ndogo zilipanda mabonde ya kando kuchota magogo ambayo mto haukuweza kuyafikia.

Kufika mwanzoni mwa karne ya 20, milima ilikuwa vipara. Matawi makavu yaliyoachwa yakashika moto mara kwa mara, mvua ikachukua udongo, na mafuriko yakafuata. Wakata mbao wakahamia kwingine. Serikali ya jimbo ikaanza kununua ardhi hiyo iliyochakaa. Mwaka 1922 Leonard Harrison, mtu wa Wellsboro aliyekuwa na biashara ya mbao, alitoa kipande chake cha ukingoni kiwe mahali pa watu wote, na hadi leo hifadhi hiyo ina jina lake. Miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka, serikali iliwaajiri vijana wasio na kazi wakajenga njia na vibanda katika hifadhi hiyo na ile ya Colton Point iliyo ng'ambo. Msitu ukaota tena.

Kwa hiyo reli iliyosaidia kuumaliza msitu ndiyo leo inayowapeleka watu kuutazama. Garimoshi la mwisho lilipita mwaka 1988. Sehemu ya kwanza ya njia ya miguu ilifunguliwa mwaka 1996, miaka minane baadaye, na vipande vingine vikaongezwa kidogo kidogo. Vijiji kama Cedar Run, Slate Run na Waterville sasa hupokea waendesha baiskeli wanaotafuta chakula na mahali pa kulala.

Miaka ile minane

Swali langu kwa mpwa wangu lilikuwa la Kipwani kabisa. Nilimuuliza, "Miaka minane reli haina kazi, na hakuna aliyejenga kibanda?"

Jibu lataka maelezo. Marekani ilikuwa na reli ndefu kuliko nchi nyingine yoyote. Mwaka 1916 ilifikia zaidi ya kilomita 400,000. Barabara na malori yalipokuja, kampuni za reli zikaanza kuacha njia zisizolipa. Mara nyingi kampuni haikuwa na umiliki wa ardhi bali haki ya kupita tu. Garimoshi likiacha kupita, haki inakwisha, na kila jirani anarudishiwa kipande chake. Huyu ataweka ua, yule atalima mahindi, mwingine atajenga ghala. Baada ya miaka mitano hakuna njia tena, na anayetaka kuirudisha reli itabidi anunue upya kutoka kwa watu mia.

Mwaka 1983 bunge lao lilibadilisha sheria ya njia za kitaifa. Tangu hapo, kampuni inayotaka kuacha reli yaweza kukubaliana na serikali ya mtaa, au chama kilicho tayari, kuikabidhi njia itumike na watu kwa muda. Muda huo hauna mwisho uliopangwa, lakini sharti ni moja: ikija siku reli inahitajika tena, njia irudi kuwa reli. Ni kama kuweka amana. Kisheria njia haijafa, imelala.

Si kila aliyepakana na reli alifurahi. Wengine walisema wamenyang'anywa ardhi iliyopaswa kuwarudia. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1990 sheria hiyo ikathibitishwa, lakini mlango ukaachwa wazi kwa wenye ardhi kudai fidia. Mwaka 2014, katika kesi nyingine iliyohusu reli ambayo haikuwekwa amana namna hiyo, mwenye ardhi wa Wyoming aliishinda serikali katika mahakama hiyo hiyo. Kwa hiyo hata kwao jambo hili lina mvutano. Hata hivyo leo wana zaidi ya kilomita 40,000 za njia za miguu na baiskeli zilizokuwa reli.

Tugeukie kwetu

Sasa nirudi Voi, alikotembea baba na nyundo yake.

Mwaka 1915, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta ili kupeleka askari, maji na silaha dhidi ya Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1916 ikaunganishwa na reli ya Moshi pale Kahe. Baada ya vita ikabeba mizigo na watu kati ya Kenya na Tanganyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa, na reli hiyo ikapoteza kazi yake kubwa.

Kutoka Voi hadi Taveta ni takriban kilomita 110. Ya Pine Creek ni takriban 100. Nilipoziweka namba hizo mbili kando kwa kando nilinyamaza kidogo.

Najua utaniambia nini. Kwanza, utasema mimi nimekwenda Marekani nikarudi na ndoto, ilhali njia ya Taveta inapita nchi ya Tsavo penye ndovu, na jua la Maktau si jua la Pennsylvania. Ni kweli. Sisemi tumwage changarawe kutoka Voi hadi Taveta, tuwaalike watu watembee katikati ya ndovu.

Pili, utasema tunataka garimoshi lirudi, si njia ya kutembea. Nami nataka hivyo hivyo. Lakini garimoshi litarudi wapi ikiwa tuta limekatwa? Thamani ya njia ndefu iko katika kutokatika kwake. Ni kama kamba ya ndoo ya kisima. Ukiikata mahali pamoja tu, hujapoteza kipande kidogo, umepoteza maji. Mtu akimega mita 20 za ardhi ya reli pale sokoni, anaona amechukua mita 20. Kumbe amechukua kilomita 110.

Tatu, na hili ndilo zito, utasema ardhi ni kidonda cha Pwani. Kuna mtu asiye na shamba ambaye amepanda mihogo kando ya reli kwa sababu hana pengine. Huyo simwiti mwizi. Lakini ninavyoona, sehemu isiyolindwa haimfikii maskini kwa muda mrefu. Leo ni mihogo yake, kesho ni ukuta wa mwenye uwezo, na maskini ameondoshwa bila fidia.

Ninachosema ni kidogo na hakingoji mabilioni. Tuta la reli lipimwe na mipaka yake iwekwe alama, ijulikane na kila mtu. Kisha mijini, pale Voi na Mwatate, ambako watoto wa shule na kina mama wanatembea juu ya tuta hilo hilo ili kukwepa malori, kipande cha kilomita mbili au tatu kisafishwe na kupandwa miti ya kivuli. Wao wameshachagua njia yao. Ardhi inayotembelewa na watu kila siku ni vigumu kuiiba usiku. Na siku garimoshi likipiga honi tena, watu watapisha, na njia itakuwepo nzima.

Ukipata nafasi ya kwenda

Najua wasomaji wengi mna jamaa Marekani, na njia za namna hii ziko karibu kila jimbo. Waulize wenyeji. Beba maji ya kutosha, maana vituo viko mbalimbali. Mwambie mtu unaanzia wapi na utarudi saa ngapi, kwa kuwa simu haitakusaidia ndani ya korongo. Oktoba vaa nguo nzito, jua likizama mlimani baridi huja ghafla. Msimu wa uwindaji vaa kitu cha rangi ya machungwa uonekane. Usiingize mkono penye mawe usipopaona. Na usione haya kwenda polepole, njia yenyewe ilijengwa kwa ajili ya kitu kizito kilichoteleza.

Mimi sukari yangu imeshuka kidogo, alhamdulillahi. Sasa hutembea alfajiri baada ya swala, kabla bodaboda hazijaamka. Lakini nikienda Voi kuzuru kaburi la baba, nataka siku moja nimchukue mpwa wangu, nimpeleke juu ya lile tuta, naye anitembeze huko huko alikotembea babu yake.

Tukutane juma lijalo, inshallah.